Tundu Juu ya Kofia ya Mjerumani

Walisema sitamaliza hata muhula wa kwanza chuoni. Walisema nikifika Uarabuni nitaosha magari ya watu mpaka nizeeke, kisha nitarudishwa na begi moja na kikohozi. Nilipomaliza chuo wakanyamaza kidogo, na nilipopanda ndege wakakaa kusubiri. Nilirudi Bukoba na mabegi matatu, mizani ndogo ya sonara, kioo cha kukuzia na kompyuta yangu mwenyewe, nikawaambia kwamba nitaishi kwa kununua na kuuza sarafu za kale kwenye minada ya mtandaoni. Baba yangu mdogo alicheka mpaka akashika mgomba asianguke.

"Hela za wafu," alisema. "Tumekusomesha urudi kuokota hela za wafu. Hilo hutaliweza, Bwana Diploma."

Jina hilo likanishika. Nikishuka stendi ya Muleba, kijijini kwetu, hata vijana wa bodaboda waliniita Bwana Diploma.

Hakunisomesha. Naliandika hili mapema ili lisije likapotea mbele ya safari. Ada yangu nililipa kwa senene, wale panzi wa kuliwa. Msimu ukifika nilikuwa nanunua debe kwa debe alfajiri kutoka kwa waliokesha kuwakamata, nang'oa mabawa na miguu mpaka vidole vinanuka kwa wiki nzima, nakaanga, nawauzia abiria stendi ya Bukoba. Wenzangu chuoni walitumiwa fedha na wazazi. Mimi nilikwenda kwa mhasibu na noti zenye mafuta. Stashahada yangu ya ufundi mitambo imetundikwa ukutani ndani ya fremu. Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kuipata, na mpaka leo ninapoandika hajatokea wa pili.

Uarabuni sikuosha gari la mtu. Niliajiriwa katika karakana ya sonara kwa sababu nilijua mashine na mkono wangu hautetemeki. Huko wanawake wanapenda kuvaa sarafu shingoni, na mitindo ikibadilika wanaleta ile ya zamani itolewe pete yake na tundu lake lizibwe. Kazi hiyo nilipewa mimi. Niliziba matundu ya kila aina mbele ya macho ya wenyewe, na kwa miaka ile nikajifunza jambo ambalo vitabu havilisemi vizuri: madini ya fedha yaliyozibia tundu hayazeeki sawasawa na yale ya sarafu iliyozibwa. Unaweza kulinganisha rangi leo, lakini baada ya muda kila moja inakwenda njia yake.

Simu za nyumbani wakati ule zilikuwa na wimbo mmoja tu wa bati, msiba na ada ya mtoto wa fulani. Nilituma. Bati nililotuma limeezeka nyumba ya baba mdogo huyohuyo aliyeshika mgomba. Hakuna aliyepiga simu kusema kwamba nimeweza.

Niliporudi nilipanga vyumba viwili Rwamishenye, pale Bukoba mjini, kwa mama mmoja mjane, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa. Meza yangu niliiweka dirishani, kwa kuwa taa ya umeme hudanganya rangi ya fedha. Kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi. Sarafu adimu mara chache hughushiwa kwa kutengenezwa mpya kabisa. Mwizi mwenye akili anachukua sarafu halisi ya bei ndogo na kuibadilisha kidogo tu. Anakwangua tarakimu ya mwisho ya mwaka na kuichonga upya, au anabandika herufi ndogo ya kiwanda ambayo haikuwapo, au anakata sarafu mbili na kuunganisha nusu zake, ambapo ukitazama ukingo unaona mstari mwembamba kama unywele. Kisha anaipiga picha kwa mwanga wa kupendeza na kuiweka mnadani. Watu wenye shahada kubwa kuliko yangu wananunua vitu hivyo. Mimi nilikuwa naviona nikiwa Rwamishenye, kwenye picha, bando likiwa linakaribia kwisha.

Nilianza na shilingi za mkoloni, zile zenye simba. Nilinunua kwa wauzaji wasiojua walichonacho, nikawauzia wakusanyaji wa Ulaya wanaojua. Faida ilikuwa ndogo lakini ilikuwa faida. Mama mwenye nyumba alinitazama nikienda posta na vibahasha vyangu, akawa anawaambia majirani kwamba mpangaji wake anauza vifungo.

Halafu ikatokea ile rupia mbili.

Ni sarafu moja ya enzi za Mjerumani, kipande kikubwa cha fedha kinachojaza kiganja cha mtoto. Upande mmoja kuna Kaisari amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na upande wa pili kuna simba mbele ya mnazi. Ilipigwa kwa miaka miwili tu, na za mwaka wa pili ni chache zaidi. Ilitangazwa katika mnada wa Ulaya, ya mwaka ule wa pili, nyeusi kwa uzee, kwa bei ya kuanzia ambayo niliona ni ya kipumbavu. Nilikuwa na mnunuzi tayari ambaye angenilipa mara mbili yake. Nilichokosa ni mtaji.

Nikakopa. Kikundi cha mama mwenye nyumba kilinikopesha kwa riba. Mzee mmoja mwenye duka la vyombo karibu na soko la Bukoba, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani na ambaye alimfahamu marehemu baba yangu, alinisikiliza mpaka mwisho huku akipanga vikombe. Nilipomwuliza atataka riba gani aliweka kikombe chini.

"Mimi riba sili, kijana wangu," alisema. "Utanirudishia kilekile nilichokupa. Ila aibu usiniletee."

Haikutosha. Iliyobaki, ambayo ndiyo ilikuwa kubwa, nilikwenda kuiomba Muleba kwa baba mdogo. Alikuwa ameuza kahawa vizuri na alitaka nijue. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia, akataja dhamana: kibanja cha baba yangu, shamba lake la migomba na mibuni.

Kwetu mtu akiweka kibanja rehani, mkopeshaji anakula mazao yake mpaka deni lirudi. Mashahidi wanaketi, mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, unafunguliwa, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kinazungushwa, na kuanzia hapo hata mkungu mmoja haukatwi bila ruhusa ya mwenye fedha. Muda tuliouweka ulikuwa mwisho wa mavuno ya kahawa. Ukipita, kibanja kingekuwa chake, na kwa kuwa yeye ni wa damu ya ukoo huohuo, hakuna ambaye angesema kimetoka nje. Kaburi la baba yangu liko humo, nyuma ya mibuni. Nyumba ya mama yangu iko humo, katikati ya migomba. Kwa urithi kilikuwa changu na nilikuwa na haki ya kukiweka. Mama alikaa pembeni wakati tunaandikishana, na alipoulizwa kama ana neno alisema, "Ni lako, mwanangu. Ila anayekaa humo ni mimi."

Niliushinda mnada ule alasiri moja ya mvua. Nilipiga bei ya mwisho wakati mtandao unasuasua, na nilipoona jina langu juu nilisimama nikaenda kumwambia mama mwenye nyumba. Aliniuliza kama kifungo chenyewe ni cha dhahabu.

Kifurushi kilifika posta Jumamosi asubuhi. Uzito ulikuwa sawa na upana ulikuwa sawa. Ukingo haukuwa na mstari. Tarakimu ya mwisho, ambako ndiko wezi wa sarafu hii hupenda kupita kwa kuwa mwaka wa kwanza hugeuzwa kuwa wa pili, niliitazama kwa kioo kwa muda mrefu na ilikuwa imepigwa na kiwanda, haikuchongwa na mtu. Weusi ulikuwa mzito kidogo karibu na kofia ya Kaisari, lakini fedha ya zamani hukusanya weusi mahali penye mikunjo, na yule tai wa kofia ana manyoya. Mtaalamu yeyote angeipitisha. Niliifunga, nikapanda gari la Muleba siku hiyohiyo. Baba mdogo na mashahidi walikuwa wamesema tangu mwanzo kwamba wanataka kuona kibanja kimegeuka kuwa kitu gani, na mimi nilitaka waone.

Nilipofika mama alikuwa ameshatandika nyasi mpya sakafuni na kusugua vikombe. Niliiweka sarafu mezani ndani ya kimfuko chake, nikamweleza kwamba hiki ndicho wanachokuja kukitazama, kisha nikaenda kuwaita wageni na kuchukua rubisi kwa jirani. Niliwakuta wanangoja. Tulirudi wanne, baba mdogo mbele.

Sarafu ilikuwa juu ya kitambaa cheupe katikati ya meza, imetolewa kwenye kimfuko chake, inang'aa kama kijiko kipya. Kando yake kulikuwa na kipande cha ndimu na kifuu cha majivu.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeiosha," alisema. "Ilikuwa nyeusi kama sufuria. Wageni waje nyumbani kwangu waone kitu kichafu?"

Nyumbani kwetu hakuna chombo kinachowekwa mbele ya mgeni bila kupita kwenye majivu, na mama yangu hakuwahi kuambiwa kwamba kuna kitu duniani ambacho thamani yake iko kwenye uchafu. Weusi ule ndio ngozi ya sarafu. Ukishautoa haurudi, na mkusanyaji anaijua sarafu iliyosuguliwa hata akiiona kwa mbali. Bei yake imekufa. Hilo nililifahamu nikiwa bado mlangoni. Baba mdogo aliichukua, akaigeuza, akasema sasa ndiyo imependeza.

Nikampokonya. Nilitaka kuona majivu yamechubua kiasi gani, nikaenda nayo mlangoni penye mwanga. Hapo ndipo nikaona duara. Lilikuwa dogo, kubwa kidogo kuliko punje ya mtama, juu kabisa ya sarafu, likimkata yule tai shingoni. Weupe wake ulielekea umanjano. Manyoya ya tai ndani ya duara yalikuwa yamechongwa kwa mkono, na mchongaji alikuwa hodari, lakini manyoya ya nje ya duara yalikuwa ya kiwanda, na mistari haikukutana.

Nilijua mara moja ninachokitazama, na si kwa sababu ya Uarabuni tu. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na rupia ya Mjerumani shingoni. Wanawake wa rika lake walizivaa. Walizitoboa juu ya kofia ya mzungu, hapohapo kwa tai, ili uzi ukivutwa Kaisari asimame wima asilale ubavu. Nilipokuwa mdogo akinibeba niliichezea kwa meno. Alizikwa nayo. Sarafu hii niliyoinunua Ulaya kwa fedha ya watu ilikuwa imening'inia kifuani kwa mwanamke fulani wa huku kwetu, ikauzwa, ikavuka bahari, ikazibwa na kupakwa weusi wa dawa, kisha nikauziwa mimi.

Baba mdogo aliuona uso wangu, akauliza kuna nini. Nilimwambia kwamba ilitobolewa, ikazibwa. Alinyoosha mkono, akaitazama tena, akampitishia shahidi aliye karibu naye.

"Angalia, waitu, ndugu yangu," alimwambia yule mzee. "Kibanja cha kaka yangu kimeingia kwenye tundu. Na tundu lenyewe limezibwa."

Walicheka. Walicheka huku wanakunywa rubisi niliyoinunua mimi, wamekanyaga nyasi alizozikata mama yangu. Walipoondoka mama aliniuliza kama ameiharibu. Nilimwambia hapana, iliharibika kabla haijafika kwake, na huo ndio ulikuwa ukweli, lakini sidhani kama aliuamini.

Jumatatu niliwaandikia wenye mnada. Nilieleza kwa Kiingereza safi, nikaambatanisha picha za duara kutoka pembe tofauti. Walijibu kwa adabu nyingi. Walisema wanasikitika, lakini masharti yao yanataka bidhaa irudishwe katika hali iliyotoka nayo, na kwa bahati mbaya bidhaa hii imesafishwa. Niliwaandikia tena kwamba majivu hayawezi kutoboa fedha na kuiziba. Walijibu kwa maneno yaleyale, kana kwamba barua yangu ya pili haikuwa na kitu ndani.

Kwa hiyo nikaacha kuandika, nikarudi kwenye picha yao ya mnadani, ile ya kabla ya majivu. Tundu halikuonekana, walilifunika vizuri. Lakini nilipoitazama kwa akili ya mtu aliyekulia kifuani kwa bibi yake, niliona kitu kingine kilichokuwa wazi muda wote. Sarafu inayopita mikononi mwa watu inachakaa pande zote mbili. Sarafu ya shingoni ina upande mmoja unaolala kwenye ngozi, unasuguliwa kwa jasho na nguo kila hatua, na upande mwingine unaotazama dunia. Kwenye picha yao uso wa Kaisari ulikuwa mkali, masharubu yanahesabika. Simba upande wa pili alikuwa amelika mbavu zote. Na ukingoni, juu kabisa, kulikuwa na mfereji mdogo mahali ambapo uzi uliuma kwa miaka.

Nikafungua orodha za minada yao iliyopita. Muuzaji yuleyule alikuwa ameuza rupia nyingine, na nyingine zilikuwa zinangoja mnada unaofuata. Kaisari mkali, simba aliyelika, weusi mzito juu ya kofia. Niliziweka picha zao kwa jozi, yangu iliyosuguliwa ikiwa ya kwanza, nikaandika maelezo mafupi yasiyo na matusi, nikayaweka kwenye jukwaa la mtandaoni ambako wakusanyaji wa sarafu za Afrika Mashariki hukutana kubishana. Nilitia jina langu kamili na mji wangu.

Ilichukua muda mfupi tu. Wenye mnada ambao hawakuwa na la kuniambia sasa walikuwa na la kuniambia. Walijitolea kunirudishia fedha yangu yote, pamoja na gharama ya posta, kama ishara ya nia njema. Sharti lao lilikuwa moja, niondoe zile picha.

Nilikaa na barua ile dirishani mchana mzima. Fedha ile ingelipa kila mtu siku ileile. Kibanja kingerudi kabla kahawa haijaanza hata kuiva. Nilimwonyesha mama mwenye nyumba, kwa kuwa kikundi chake kilikuwa kinanidai, na yeye hakuona cha kufikiri.

"Futa," alisema. "Picha ni kitu gani?"

Nilimweleza kwamba nikifuta nitabaki mtu aliyetapeliwa akarudishiwa chake, na wale wanaosubiri kununua rupia zilizobaki watatapeliwa kama mimi, na hakuna atakayejua kwamba aliyeona ni mtu wa Bukoba. Nisipofuta, jina langu litabaki pale na kazi itanifuata.

"Wewe umesoma mpaka umepitiliza," aliniambia, akaenda kuanua nguo.

Sikufuta. Niliwajibu kwa mstari mmoja. Sikuwahi kupata senti kutoka kwao, na sarafu ile ninayo mpaka leo.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Kazi haikunifuata upesi kama nilivyomwambia mwenye nyumba. Nikipita sokoni nilizunguka upande wa pili nisionane na mzee wa duka la vyombo, si kwa kuwa aliwahi kunidai, ila kwa kuwa hakunidai. Huko Muleba baba mdogo alikwenda kituo cha utafiti Maruku akaleta miche ya migomba, ile wanayosema inahimili ugonjwa, akaipanda katika kibanja cha baba yangu. Mtu hapandi mgomba mahali anapokusudia kuondoka. Majirani walimwona akipima kwa hatua, na mmoja alimwuliza kama kaka yake amefufuka akamruhusu. Alijibu kwamba anawasaidia.

Siku moja nilimpigia mama simu nikamwuliza amekula nini. Alisema mihogo. Nikamwuliza kwa nini mihogo na migomba imemzunguka nyumba nzima.

"Nilimwomba mkungu baba yako mdogo," alisema. "Kanijibu nisubiri kwanza, mikungu bado haijakomaa."

"Haijakomaa?"

"Ndivyo alivyosema. Mihogo yenyewe mizuri."

Nimesamehe mambo mengi, watu wakiniuliza. Hilo halimo.

Barua ya kwanza ilitoka Ujerumani, kwa daktari wa meno mstaafu aliyekuwa ameweka nia ya kununua mojawapo ya zile rupia. Alikuwa amesoma maelezo yangu, akajitoa, na sasa alitaka nitazame picha za sarafu zote za Afrika Mashariki alizonazo kabatini, kwa malipo. Nilitazama. Tatu zilikuwa za shingoni. Alinilipa bila kubishana, akawaambia wenzake wa chama chao. Wao wana mashine za kupima madini na vitabu vizito, na wanapoishika rupia wanakwenda kwenye tarakimu ya mwaka. Hakuna aliyewaambia watazame mahali ambapo mama wa Kihaya angepitisha uzi. Kabla maua ya mibuni hayajawa punje nilikuwa nikitumiwa picha karibu kila siku, na baadaye nyumba nyingine ya mnada, si ile, ikanichukua niwe nawatazamia sarafu za huku kabla hawajazitangaza. Mkataba wao ulinitaja kama mshauri. Niliuchapa nakala mbili na moja niliitia fremu kando ya stashahada.

Nililipa wote siku moja. Ningeweza kulipa mmojammoja kadiri fedha zilivyoingia, lakini sikutaka. Nilitaka jua lichomoze nikiwa mdaiwa na lizame nikiwa sidaiwi na mtu yeyote, na nilitaka wazungumze juu yake.

Nilianza na kikundi. Kina mama walikuwa wamekaa uani Rwamishenye, nikaweka fedha na riba yake kwenye meza. Mama mwenye nyumba alizipokea, akawageukia wenzake, akasema yeye alijua tangu siku ya kwanza kwamba mpangaji wake ni mtu wa kazi za maana. Aliyekuwa anaita vifungo alikuwa ni nani, sijui.

Mzee wa duka la vyombo hakusema alijua. Aliiweka fedha kwenye droo, akauliza kama mama mzima, akanifungia vikombe sita nimpelekee. Nikataka kulipia akanikataza kwa mkono.

Muleba nilifika mchana. Kahawa ya mwisho ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba ya mama, na mikeka ilikuwa ya baba mdogo. Mashahidi walewale waliitwa. Mtungi wa rubisi ulifunguliwa tena, na safari hii pia niliununua mimi. Nilitoa fedha, ikapita mikononi mwa mashahidi, ikafika kwake, na ile karatasi ya rehani ikarudi kwangu. Nilidhani tumemaliza. Baba mdogo akakohoa, akasema iko bado ile miche ya Maruku, ambayo aliinunua kwa fedha yake mwenyewe na kuipanda kwa mgongo wake mwenyewe. Mashahidi walitazama chini. Nilimwuliza ni shilingi ngapi. Alitaja. Nikalipa na hiyo, bila kumpunguzia, mbele yao.

Ndipo akachukua kikapu cha kahawa ya kutafuna, akanisogezea kwa mikono miwili kama inavyopasa. Mtu akikataa kahawa hiyo baada ya maafikiano, ametangaza uadui, na mama yangu alikuwa ananitazama kutoka mlango wa jikoni. Nikachukua punje moja.

"Mimi niliwaambia hawa," alisema baba mdogo, akiwaonyesha mashahidi kwa kidevu. "Mtoto wa kaka yangu, nikawaambia, huyu ataweza tu. Ndiyo maana nilikupa fedha. Nisingejua utaweza, ningekupa?"

Wale wazee wakaitikia. Mmoja alisema, "Ni kweli, waitu, alituambia." Wote watatu, yeye na mashahidi wake wawili, walikuwapo siku ya tundu, na walicheka. Nilitafuna punje yangu mpaka ikaisha.

Alipoaga alipita nyuma ya nyumba. Alirudi na mkungu begani, mkubwa, umekomaa vizuri, ambao alikuwa ameukata asubuhi kabla sijafika, wakati mazao ya kibanja yalikuwa bado yake. Alitupita nao uani, akamwambia mama abaki salama. Mama alimjibu kwa heshima zote, kisha akaenda kuosha vikombe vipya kwa majivu, kwa kuwa vilikuwa na vumbi la dukani.